Mantra na mawimbi ya ubongo: kinachopanda ni alfa kweli au misuli ya taya?

Mdadisi77

Wakuu, heshima kwenu. Swali hili nawaelekezea wanaojua EEG (kipimo cha umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa) na mambo ya neva. Wauza kozi naomba mnivumilie.

Maelezo yanayozunguka kuhusu meditesheni ya mantra, yaani kutafakari kwa kurudia neno, yanapingana waziwazi. Huyu anasema kurudia mantra kunapandisha mawimbi ya alfa, yule anasema kunamshusha mtu hadi thita, wa tatu anaapa kuwa ni gama. Haiwezekani wote watatu wawe wanaeleza kitu kimoja. Isitoshe, ukivaa utepe wa EEG wa nyumbani, ule wa elektrodi nne (vipande vinavyogusa ngozi na kunasa umeme), ukatamka "om" kwa sauti, grafu ya beta na gama inaruka juu papo hapo. Ukirudia neno lile lile kimoyomoyo, inatulia. Tofauti hiyo inatoka kwenye ubongo au kuna jambo jingine?

Pili, neno lenyewe lina ulazima wowote? Yaani sauti ya Kisanskriti ina kazi ambayo neno "moja" au "meza" haliiwezi?

Tatu, tukiyaweka mawimbi pembeni, kurudia neno kunaifanya nini akili, kwa utaratibu unaoelezeka?

Elektrodi_Kavu

Mkuu, tuanze na kifaa kabla ya mantra, maana nusu ya ubishi wote unazaliwa hapo.

EEG haisomi mawazo wala utulivu. Inasoma tofauti ya volti kati ya sehemu mbili za ngozi ya kichwa, na volti hiyo ni ndogo mno, kwa kawaida mikrovolti 10 hadi 100. Hata hiyo haionekani mpaka maelfu kwa maelfu ya seli za gamba la ubongo, zilizopangwa sambamba, zipande na kushuka chaji kwa mwendo mmoja. Wimbi kubwa ni gwaride: seli nyingi zinapiga hatua pamoja. Wimbi dogo halimaanishi ubongo umelala. Mara nyingi lina maana kwamba kila kundi limeshika kazi yake na hakuna anayefuata ngoma ya mwenzake.

Majina unayajua: delta 0.5 hadi 4 Hz (mizunguko kwa sekunde), thita 4 hadi 8, alfa 8 hadi 13, beta 13 hadi 30, gama kuanzia 30. Hiyo mipaka ni makubaliano ya watu tu, hakuna ukuta ndani ya kichwa kwenye 8 Hz.

Sasa mtego wa kwanza. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alirekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924 na kuichapisha 1929. Moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba mtu akifumba macho alfa inajaa, hasa nyuma ya kichwa, na akifumbua inazimika kwa muda wa sekunde hivi. Mantra haikuwepo, guru hakuwepo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha grafu ya "kabla" macho yakiwa wazi na ya "wakati wa mantra" macho yakiwa yamefumbwa, alichopima ni kope zake.

Mtego wa pili ndio huo wa "om" yako. Misuli ya taya, ya kipaji na ya panja hutoa umeme unaoanzia karibu 20 Hz na kupanda hadi mamia ya Hz, na kwenye ngozi ya kichwa umeme huo unaweza kuuzidi ule wa ubongo mara nyingi. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walikubali kulegezwa misuli yote kwa dawa wakiwa macho, wakapimwa EEG. Sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kikiitwa beta ya juu na gama ikatoweka. Ubongo ulikuwa ukifanya kazi kama kawaida. Kilichoondoka ni misuli. Kwa kifaa chako hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tepe nyingi za nyumbani zina elektrodi mbili kwenye kipaji na mbili nyuma ya masikio, yaani zimekaa juu ya misuli ya nyusi, ya panja na ya shingo, na mbali na kisogo ambako alfa ina nguvu. Ukitamka "om", taya linafanya kazi, ulimi unafanya kazi, koo linafanya kazi. Grafu inaruka. Usiisome.

Tukija kwenye yale madai matatu, kila moja lina asili yake.

Alfa ilipata umaarufu kupitia Robert Keith Wallace, aliyechapisha kwenye jarida la Science mwaka 1970 vipimo vya watu wanaofanya TM (Transcendental Meditation), ambayo ni mantra ya kimoyomoyo. Aliripoti matumizi ya oksijeni kushuka, ukinzani wa umeme wa ngozi kupanda, na alfa kuongezeka, ikiwemo sehemu za mbele za kichwa. Hiyo alfa ya mbele ndiyo inayofaa kuzungumziwa, kwa sababu kufumba macho peke yake hujaza zaidi kisogo.

Thita ziko mbili, na watu huzichanganya kila siku. Kuna thita ya katikati mbele, chini ya elektrodi ya Fz, inayopanda mtu anapoweka umakini wa bidii: kupiga hesabu kichwani, kushikilia jambo lisimponyoke. Halafu kuna thita ya kusinzia, iliyotapakaa, inayokuja alfa ikishavunjika. Ya pili ndiyo wengi wanayoiona kwenye dakika ya kumi na tano na kuiita kina. Wapimaji wa usingizi wana kanuni yao: ukigawa rekodi kwa vipande vya sekunde 30, kipande ambacho alfa imeshuka chini ya nusu ya muda na thita imechukua nafasi kinaandikwa hatua ya kwanza ya usingizi. Macho nayo huanza kuzunguka polepole chini ya kope. Ukiona hivyo, mtu anasinzia.

Gama inatoka kwenye utafiti wa mwaka 2004 wa watawa wa Kibuddha wenye saa 10,000 hadi 50,000 za mazoezi. Gama yao ilikuwa kubwa kweli. Lakini zoezi lilikuwa la kuijaza akili huruma isiyobagua, halikuwa la kurudia neno. Anayeuza mantra kwa gama ile ameazima vazi la mtu.

Mwaka 2010 Travis na Shear walipendekeza kuzigawa mbinu kwa makundi matatu: za kuelekeza umakini huambatana na beta na gama, za kuangalia tu kila kinachopita huambatana na thita, na zile ambazo zoezi lenyewe linajififisha huambatana na alfa ya chini, 8 hadi 10 Hz. Mgawo huo unasaidia kuelewa kwa nini mantra moja inaweza kutoa picha tofauti kwa watu wawili: mmoja anaikaba, mwingine anaiachia. Ila ujue pia kwamba Travis anafanya kazi katika chuo kikuu kilichoanzishwa na mwasisi wa TM, na TM imewekwa katika kundi la tatu. Haibatilishi hoja, inakufanya usome kwa macho mawili.

KitanziChaSauti

Elektrodi kamaliza upande wa waya. Mimi nichukue swali la tatu, kwa sababu naona ndilo lenye nyama.

Fanya jaribio hili sasa hivi. Mwambie mtu akuandikie tarakimu saba. Zisome mara moja, zifunike, kisha subiri sekunde 15 ukisema "la, la, la, la" mfululizo kwa kunong'ona. Ziandike. Rudia na tarakimu nyingine saba, safari hii ukisubiri kimya. Kwa watu wengi tofauti haina ubishi: "la la" inazifuta.

Sababu ni hii. Ili ushikilie maneno au tarakimu kwa muda mfupi unazirudia kwa sauti ya ndani, kama mtu anayeenda dukani akijisemea asisahau. Baddeley na Hitch waliueleza mfumo huo mwaka 1974, na ndani yake mna kitanzi cha sauti. Kitanzi hicho ni kifupi, kina uwezo wa sekunde mbili hivi za usemi, na hakina njia mbili. Kikishikwa na "la la", hakuna nafasi ya kitu kingine chenye maneno.

Mantra ni "la la" iliyochaguliwa kwa makusudi. Wasiwasi mwingi wa binadamu ni wa maneno: "Nitamjibu nini", "Kwa nini nilisema vile", "Ikishindikana je". Sentensi hizo zinahitaji kitanzi kile kile. Neno likikaa mle, sentensi zinaanza na kukatika katikati. Ndiyo maana mantra inamfaa mtu anayesumbuliwa na maneno kichwani kuliko anayesumbuliwa na picha. Picha hazipiti kwenye kitanzi, zina njia yake, na mtu anaweza kurudia neno dakika ishirini huku akitazama sinema kamili akilini. Wengi hawaambiwi hilo, wanadhani wamekosea.

Upande wa picha za ubongo kuna utafiti wa Israeli wa mwaka 2015 naupenda kwa sababu haukutumia wataalamu wa kutafakari. Watu 23 ambao hawakuwa na mazoea hayo waliwekwa ndani ya mashine ya MRI na kuambiwa warudie kimoyomoyo neno la Kiebrania lenye maana ya "moja". Basi. Shughuli ya gamba la ubongo ikashuka eneo pana, hasa kwenye ule mtandao unaowaka mtu akiwa hana kazi maalumu: sehemu ya katikati ya paji na ya nyuma katikati, zinazohusika na kujiwazia, kukumbuka yaliyopita na kupanga yajayo. Kilichoshangaza ni kwamba kushuka huko hakukufuatana na kupanda kwa nguvu mahali pengine. Kazi ngumu ingeuzima mtandao huo pia, lakini ingewasha mwingine. Neno moja linalojirudia ni kazi nyepesi kiasi cha kutowasha kitu, lakini linatosha kukishika kitanzi.

Hapo swali lako la pili limejijibu kwa sehemu: neno lilikuwa "moja". Herbert Benson naye mwaka 1975 aliwaelekeza watu watumie neno hilo hilo kwa Kiingereza.

Kwa sehemu tu, kwa sababu maneno hayalingani. Neno lenye mzigo, mfano jina la mtu unayemdai, linafungua mlango badala ya kuufunga. Neno refu lenye konsonanti ngumu linakuchosha ulimi hata kimoyomoyo. Neno la silabi moja hadi tatu, lenye irabu wazi au konsonanti za puani, linateleza. Hata ukichagua lenye maana, maana yake itachakaa: sema "kikombe" mara arobaini mfululizo, litageuka mlio mtupu. Leon Jakobovits aliuchunguza uchakavu huo mwaka 1962. Wengine hushtuka neno linapofika hapo, wakabadilisha. Liacheni, hapo ndipo linafanya kazi vizuri, maana mlio usio na maana hauvuti wazo jingine.

Sauti inapotoka mdomoni, hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu sasa kuna pumzi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walipima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakitamka mantra ya yoga. Vyote viwili vilishusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 10. Shinikizo la damu lina mdundo wake wa asili wa takriban sekunde 10, na pumzi ikilingana nao, mapigo ya moyo na shinikizo huanza kupanda na kushuka kwa pamoja. Mwitikio wa mwili wa kurekebisha shinikizo ukawa mwepesi zaidi. Dini mbili, lugha mbili, matokeo karibu sawa. Kilichofanana ni urefu wa sentensi.

Kuvumisha "mmm" nako kuna lake. Watafiti wa Sweden mwaka 2002 walikuta hewa itokayo puani wakati wa kuvumisha ina oksidi ya nitriki mara 15 kuliko ya kupumua kimya, kwa sababu mtetemo unaisukuma hewa ya sinasi (matundu ndani ya mifupa ya uso) itoke. Hilo ni jambo la pua. Msilipeleke kwenye ubongo, kuna watu wameshaanza.

Mdadisi77

Asanteni, hii imenifungua macho. Basi naomba mambo mawili ya vitendo. Kwanza namna sahihi ya kulifanya zoezi la kimoyomoyo, dakika kwa dakika. Pili, mtu mwenye utepe wa kawaida afanye nini ili asijidanganye na vipimo?

Polepole

La kwanza nalichukua mimi.

Kaa kwenye kiti chenye egemeo la mgongo, kichwa kikiwa huru bila kuegemea kitu. Kichwa kikiegemea, usingizi unapata mto. Usianze ukiwa umeshiba. Benson alishauri saa mbili zipite baada ya mlo. Fumba macho, dakika moja ya kwanza usifanye chochote. Anza kulegeza misuli kutoka nyayo kupanda juu, na ukifika usoni fanya mambo matatu: tenganisha meno ya juu na ya chini kwa upana wa unene wa sarafu, ulaze ulimi chini, ulegeze kati ya nyusi. Taya ndilo linalosahaulika zaidi. Anayerudia neno kimoyomoyo huku ameuma meno anakuwa analitamka nusu kwa misuli.

Kisha lete neno. Kuna njia mbili na usizichanganye katika kikao kimoja. Njia ya Benson hulifunga neno kwenye pumzi, neno moja kila unapotoa hewa. Ni rahisi kwa anayeanza kwa sababu pumzi inamkumbusha. Kasoro yake ni kwamba wapo wanaoanza kuisukuma pumzi ili ilingane na neno, wakaishia kupumua kwa nguvu, ganzi ikaingia kwenye vidole na midomo, kizunguzungu kikafuata. Huko ni kutoa kabonidayoksaidi kupita kiasi. Dawa yake ni kuliacha neno lifuate pumzi, lisiivute. Njia ya pili huliacha neno liende kwa mwendo wake bila kujali pumzi. Linaweza kuharakisha, kupunguza, kufifia mpaka linabaki kama kumbukumbu ya mlio. Usilirudishe kwa nguvu likiwa limefifia lakini bado lipo. Lirudishe pale tu unapogundua umeshaingia kwenye mazungumzo mengine.

Hilo la kurudisha ndilo zoezi lenyewe, na ndipo wengi wanapoharibu. Ukigundua umepotea, usimalizie wazo, usijilaumu, usianze kuchunguza ulipoteaje. Neno linarudi kwa uzito ule ule uliokuwepo mwanzo. Ukilirudisha kwa kishindo, umepanda juu ya umakini wa bidii, na ule wepesi aliousema Kitanzi umekwisha. Kupotea mara thelathini ndani ya dakika kumi ni kawaida.

Muda: dakika 10 kwa wiki mbili za kwanza, halafu 15 hadi 20, mara moja au mbili kwa siku. Mwisho acha neno, ubaki umefumba macho dakika mbili, ndipo ufumbue. Anayeruka dakika hizo mbili na kunyanyuka ghafla mara nyingi hubaki na kichwa kizito au hasira isiyo na sababu kwa muda.

Ishara ya kusinzia ni neno kuharibika: mantra kama "soham" inageuka "sahani", halafu inaunga sentensi ya ajabu ambayo wakati huo inaonekana ina maana kamili. Ukijikuta hapo mara mbili, fumbua macho kiasi, nyoosha mgongo, tamka neno kwa kunong'ona mara kumi, kisha rudi kimya. Ikitokea kila siku, huna tatizo la mantra, una deni la usingizi. Lala.

Elektrodi_Kavu

La pili ni langu. Kwa utepe wa elektrodi nne unaweza kupata jibu la maana ukikubali kuuliza swali dogo: je, nikirudia neno kimoyomoyo, alfa yangu ni tofauti na nikikaa tu nimefumba macho?

1. Futa ngozi ya kipaji na nyuma ya masikio kwa kitambaa chenye maji, lowesha elektrodi kidogo, subiri dakika tatu hadi mawasiliano yatulie. Elektrodi kavu juu ya ngozi yenye mafuta inakupa mawimbi mapana ya polepole yanayofanana sana na delta.

2. Kabla ya yote, hakiki kifaa: sekunde 20 macho wazi, 20 macho yamefumbwa, mara tatu. Kilele cha alfa, yaani mwinuko wake wenye ncha kwenye grafu, kisipoonekana unapofumba, ama utepe umekaa vibaya ama wewe ni mmoja wa wale ambao alfa yao ni hafifu kwa asili, na wapo. Katika hali zote mbili usiendelee.

3. Uma meno sekunde tano, kunja uso sekunde tano, pepesa macho mara tano. Hifadhi picha hiyo. Ndiyo sura ya uchafu wako. Ukiiona baadaye utaitambua.

4. Kikao chenyewe kina vipande vya dakika 5, vyote macho yamefumbwa: kukaa tu, mantra, neno la kawaida kama "meza", kisha kukaa tu tena. Kesho geuza mpangilio. Usipogeuza, kila kinachokuja mwisho kitaonekana kina thita nyingi kwa sababu tu ulishaanza kusinzia.

5. Toa data ghafi, usitumie alama za "utulivu" ambazo programu inazipika yenyewe kwa fomula usiyoijua. Kwa sampuli 256 kwa sekunde, tumia madirisha ya sekunde 4, utapata mgawanyo wa 0.25 Hz. Tupa kila dirisha lenye pepeso au lililozidi mikrovolti 100 kwenda juu au chini. Chochote cha juu ya 20 Hz kisahau. Ukikuta mstari mwembamba kwenye 50 au 60 Hz, huo ni umeme wa ukutani.

6. Angalia ukubwa halisi wa alfa, usiangalie asilimia peke yake. Asilimia ina hila: misuli ikilegea, beta inashuka, na alfa ambayo haikubadilika hata kidogo inaonekana imepanda.

Vikao kumi ndivyo vinaanza kusema kitu. Kimoja hakisemi lolote. Na ikitokea "meza" imefanya sawasawa na mantra, umejifunza jambo.

Mpima_Ushahidi

Niongeze maji kidogo kwenye mvinyo wenu.

Kupanda kwa alfa au kushuka kwa mtandao ule wa kujiwazia ni habari ya ubongo wakati wa zoezi. Haikuambii kama mtu atakuwa na wasiwasi mdogo mwezi ujao. Hilo linajibiwa na majaribio yenye makundi ya kulinganisha, na huko mantra haijang'ara kama inavyotangazwa. Mapitio makubwa ya Goyal na wenzake ya mwaka 2014 yalichambua majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Kwa mbinu za kuzingatia wakati uliopo, ushahidi ulikuwa wa wastani kwamba zinapunguza kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu. Kwa mantra ushahidi ulikuwa hafifu au hautoshi kusema chochote. Hawakusema haifanyi kazi; walisema majaribio mazuri ni machache. Kwenye shinikizo la damu, chama cha moyo cha Marekani mwaka 2013 kilisema TM inaweza kufikiriwa kama nyongeza. Nyongeza, yaani juu ya dawa na si badala yake.

Kitanzi ametaja pia picha za MRI. Kuna ile ya Bangalore ya mwaka 2011, "om" ikilinganishwa na "sss", ambapo sehemu za hisia kama amigdala zilipungua shughuli kwa "om" na hazikupungua kwa "sss". Inanukuliwa kila mahali kama uthibitisho kwamba "om" inaamsha neva ya vagasi, ile inayounganisha ubongo na moyo na tumbo. Waliopimwa walikuwa 12, na waandishi wenyewe waliiita ya majaribio. Neva ya vagasi haikupimwa, ilikisiwa kutokana na kufanana kwa picha.

Kingine ambacho hakijatajwa: kuna wanaoingiwa na hofu wanapoanza kulegea, moyo unaenda mbio, wanahisi wanapoteza usukani. Hilo linajulikana na si ushetani wala "sumu inatoka". Fupisha kikao hadi dakika tatu, macho wazi yakitazama sakafu, neno kwa sauti ndogo badala ya kimya. Mwenye historia ya kusikia sauti zisizokuwepo, ya msukumo mkubwa wa akili usiolala, au ya kiwewe kizito, asianze vikao virefu bila daktari wake kujua. Kwa mtu anayesikia sauti, kumfundisha kulipa nafasi neno linalojirudia kichwani peke yake ni kucheza karibu na moto.

KitanziChaSauti

Nakubali kuhusu 12 na kuhusu vagasi. Sikubali kitu kimoja: kupungua kwa mazungumzo ya ndani wakati wa zoezi si habari ndogo kwa mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya mazungumzo hayo. Hahitaji mwezi ujao, anahitaji dakika ishirini za usiku huu. Na kwa kazi hiyo afanye kinyume cha alichosema Polepole: alale chali, aegemeze kichwa, alifunge neno kwenye kutoa pumzi, na likiharibika likawa "sahani" alifuate liendako.

Mdadisi77

Nimeelewa. Swali dogo la mwisho kwa Elektrodi: kilele kikikaa kwenye 8.5 Hz badala ya 10, na wakati wa mantra kikatelemka hadi 7.75, hiyo bado niiite alfa au imeshakuwa thita?

Elektrodi_Kavu

Iite alfa, mradi ni kilele kile kile kimesogea na kinazimika ukifumbua macho. Kilele cha alfa hutofautiana kati ya mtu na mtu, hupungua kasi na umri, na uchovu nao hukivuta chini. Ndiyo maana watu makini hutafuta kwanza kilele cha mtu, kisha huchukua 2 Hz kila upande, badala ya kukata kwenye 8 kwa kisu. Programu yako inakata kwenye 8, kwa hiyo kilele chako kikiteleza robo Hz chini ya mstari itakupongeza kwa thita ambayo hukuwa nayo. Kama 7.75 hiyo haijali kufumbua macho, imetapakaa na haina ncha, angalia saa: kama ni dakika ya kumi na tano, ulikuwa unasinzia.

Mdadisi77

Ilikuwa dakika ya kumi na sita.